Taa ya Oili Ikiwaka, Nani Amesema Sensa Ndiyo Mbovu?

Hotuba hii ilitolewa Mbeya mbele ya mafundi wa magari, mafundi umeme na vijana wanaojifunza kazi. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu mafundi, wazee wetu wa kazi, dada zetu mlioingia gereji mkakataa kutoka, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha: habari za asubuhi.

Mnasikia huo muungurumo hapo nje? Ni Premio, injini 1ZZ-FE, imewashwa makusudi kabla hatujaanza. Naomba mtu yeyote asiizime. Sababu yake mtaiona tukifika mwisho.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Ametumwa, amefikisha habari, basi. Habari ikiwa mbaya, kosa si lake. Sasa niambieni ukweli: kwenye gereji zetu mjumbe anapona? Taa ya oili ikiwaka, neno la kwanza ni lipi? "Hiyo ni swichi tu, kanunue nyingine." Injini ikitoa moshi mweusi na mashine ya kusoma makosa ikataja sensa ya presha, neno la kwanza ni lipi? "Sensa imekufa." Mjumbe kauawa, na barua aliyoileta bado haijafunguliwa.

Leo nina wajumbe wawili. Wa kwanza ni swichi au sensa ya presha ya oili. Wa pili ni sensa ya presha ya hewa ndani ya manifodi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini, hii tunayoiita sensa ya MAP. Kwa wa kwanza nitakaa sana, maana ukimkosea yeye injini inaweza kufa siku hiyohiyo. Ukimkosea wa pili, mara nyingi unapoteza petroli na heshima.

Tuanze na taa. Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili linalodondosha tone, inajua nini hasa? Kwenye Toyota nyingi tunazozishika kila siku, swichi ya oili ina waya mmoja. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, springi, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Presha isipokuwepo, vipande vimegusana, waya unapata eathi kwenye bloku kupitia nyuzi za swichi yenyewe, taa inawaka. Presha ikija, kiwambo kinasukumwa, vipande vinaachana, taa inazimika. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Na vinaachana presha ikifika ngapi? Swichi nyingi za namna hii hugeuka kati ya psi 3 na psi 7 hivi, psi ikiwa ni kipimo kilekile cha upepo wa tairi. Sikilizeni vizuri: psi 3 hadi 7! Tairi la gari dogo tunalijaza 30 na kitu. Sasa chukueni kipimo cha kitabu cha 1ZZ-FE, hiyo inayonguruma nje. Injini ikiwa ya moto, kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, presha isipungue kilopaskali 29, kama psi 4 na nukta. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya psi 43 na 78. Haya, tuseme injini imechoka, kwenye mizunguko hiyo 3,000 inatoa psi 15 tu. Taa itasema nini? Itanyamaza. Beringi zinasagika, na taa imenyamaza, kwa sababu alichotumwa mjumbe huyu ni kupiga yowe pale presha inapokaribia sifuri. Hajatumwa kingine.

Ndiyo maana mteja akikwambia "lakini taa haiwaki, fundi", usimjibu kwamba injini ni nzima. Hujui bado. Na akikuletea gari taa ikiwa inawaka, usimjibu kwamba swichi ni mbovu. Hujui bado. Kujua kunaanzia kwenye geji. Pima kwanza.

Niwape kisa ambacho wengi hapa mmekiona kwa macho. Hilux au Prado, dizeli ya lita 3.0, injini 1KD-FTV. Injini hii ina udhaifu unaofahamika: washa za shaba, zile pete ndogo zinazokaa chini ya nozeli za kunyunyizia dizeli, zikichoka, gesi ya mwako inapenya na kuingia chini ya kava la vali. Masizi yanachanganyika na oili, yanakuwa tope jeusi zito kama lami, yanashuka sampuni, lile bakuli la oili chini ya injini, yanakwenda kukaa kwenye chujio la kunyonyea la pampu. Dereva anaona nini? Asubuhi akipiga stata, taa inachelewa kuzimika. Jana sekunde moja, leo tatu, kesho tano. Anampelekea fundi. Fundi anafanya nini? Anabadilisha swichi! Na bahati mbaya ni kwamba mchana huo injini ni ya moto, oili ni laini, inapita kidogo, taa inazimika mapema. Wote wawili wanafurahi. Wiki haiishi, gari linapanda mlima na mzigo, injini inagonga, krenki imeshika.

Swichi ya zamani ilikuwa inasema kweli. Ilisema kweli siku tatu mfululizo. Sampu ingeshushwa siku ile, chujio lingeonekana limezibwa, pakasafishwa, washa za nozeli zikabadilishwa, oili na filta vikawekwa vipya, kazi ikaishia hapo.

Sasa tunapimaje? Nitakwenda polepole, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kabla ya geji, kijiti. Gari lisimame pasipo na mteremko, injini izimwe, subiri kama dakika 5 oili ishuke, ndipo uchomoe. Kiwango kiko wapi? Kikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kwanza halafu uone kama taa bado inawaka. Msicheke, kuna swichi ngapi zimebadilishwa na tatizo lilikuwa lita moja na nusu iliyopungua? Kisha nusa kijiti. Kinanuka petroli? Kiwango kimepanda badala ya kushuka? Basi kuna mafuta yanayovujia ndani, pengine nozeli haifungi, na oili imekuwa nyepesi kama maji. Hakuna beringi inayoweza kushikilia presha ya oili ya namna hiyo. Unamwaga oili, unatafuta mvujo, unaweka mpya, ndipo unarudi kwenye taa.

Geji yenyewe iwe ya sifuri hadi baa 10, au psi 150, yenye bomba la mpira la kuvumilia oili ya moto. Zima injini, chomoa waya, fungua swichi. Toyota nyingi zinataka soketi ndefu ya 24. Ukitumia spana ya kubana mabomba utavunja kile kichwa cha plastiki, na hapo utakuwa umeua mjumbe kwa mikono yako mwenyewe.

Halafu angalia nyuzi. Hapa naomba mnisikilize sana. Swichi za Kijapani nyingi ni moja ya nane ya inchi, nyuzi 28 kwa inchi, imechongwa kwa mshazari. Za Kimarekani ni moja ya nane pia, lakini nyuzi 27 kwa inchi. Kwa jicho zinafanana kama mapacha. Adapta ya Kimarekani inaingia kwenye bloku la Kijapani mizunguko miwili kwa ulaini, wa tatu inaanza kukaza, na fundi anasema "hii imekaa". Haijakaa! Inachonga njia yake kwenye aluminiamu. Geji itasoma, utapata jibu, utarudisha swichi, na baada ya siku chache oili inatoka pale kama machozi, halafu kama chemchemi. Magari mengi ya Volkswagen yana nyuzi za milimita 10 kwa hatua ya milimita 1, hayo nayo ni habari nyingine. Nunueni seti ya adapta, na kila adapta muigongee alama.

Ukishafunga geji, pitisha bomba mbali na feni, mbali na mkanda, mbali na ekzosi. Washa, angalia kama pana uvujaji, soma presha ya baridi uiandike. Acha injini ipate moto kamili, feni ya rejeta iwe imewaka angalau mara moja. Soma kwenye sailensi. Panda hadi 3,000, shikilia, soma tena. Namba tatu ziko kwenye karatasi. Sasa barua imefunguliwa.

Zinasema nini? Baridi nzuri, moto kwenye sailensi imeshuka sana, ukipiga resi inapanda lakini haifiki mahali pake: mara nyingi beringi zimeacha nafasi kubwa, au oili ni nyepesi kuliko inavyotakiwa. Presha ndogo kila mahali, baridi na moto: angalia pampu, vali ya kupunguza presha iliyonasa ikiwa wazi, chujio la sampuni, na ile oringi ya bomba la kunyonyea. Oringi ikikauka pampu inanyonya hewa, na pampu ya oili haisukumi hewa. Presha inayopanda vizuri halafu inaporomoka ukizidisha resi: chujio limeziba, pampu inataka zaidi ya inachopewa. Na presha inayopita juu kabisa ya kipimo injini ikiwa ya moto? Hiyo nayo ni ugonjwa. Vali ya kupunguza presha imenasa imefunga, filta inaweza kupasuka kwenye mshono.

Na kama namba zote tatu ni nzuri, na taa bado inawaka? Hapo ndipo una haki ya kumhoji mjumbe.

Kuna jambo lazima nilitaje hapa hata kama litawaudhi baadhi. Kuna wanaoitibu taa kwa oili nzito. Injini inataka 5W-30, wanaweka 20W-50, taa inanyamaza kwenye sailensi, mteja analipa. Uzito wa oili umepandisha presha ya sailensi kidogo ikavuka pale swichi inapogeuka. Beringi imebaki vilevile. Asubuhi ya baridi ya huku kwetu, oili hiyo nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na zile sekunde za kwanza ndizo zinazokula chuma. Ukiamua kufanya hivyo kwa gari la mtu asiye na uwezo wa kushusha injini, mwambie. Mwambie kwa mdomo kwamba umemnunulia muda.

Twende kwenye waya. Kumhoji mjumbe kunaanza kwa kuangalia njia aliyopita.

Gari linanguruma, geji inaonyesha presha nzuri, taa inawaka. Chomoa waya wa swichi, uache unaning'inia bila kugusa chuma. Taa imezimika? Swichi ndiyo mbovu, vipande vyake vimeng'ang'aniana. Taa bado inawaka? Basi hata ukinunua swichi kumi kutoka Japani, itaendelea kuwaka. Waya umechunika mahali unagusa bodi, mara nyingi unapopita karibu na ekzosi au chini ya breketi iliyofungwa vibaya baada ya injini kushushwa. Kuna Noah ngapi zimebadilishiwa swichi mara tatu, na ugonjwa ni sentimita mbili za waya ulioyeyuka? Jaribio lenyewe linachukua sekunde 10 na halina gharama hata ya shilingi moja.

Upande wa pili: umewasha swichi ya gari bila kupiga stata, na taa ya oili haiwaki kabisa. Wengine wanafurahi. Usifurahi. Chomoa waya, uguse kwenye bodi. Taa ikiwaka, waya na balbu ni wazima, swichi haipeleki eathi, imekufa au nyuzi zake zimefungwa tepu nyingi nyeupe hadi haigusi bloku. Isipowaka, tafuta fyuzi, waya uliokatika, balbu, au dashibodi yenyewe.

Na hapa niwaambie wanaokagua magari ya kununua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini kwenye magari maradhi anaficha muuzaji na kifo kinamuumbua mnunuzi. Ujanja mmojawapo ni kuunganisha taa ya oili na taa ya chaji. Ukiwasha swichi, zote zinawaka. Ukipiga stata, altaneta inafua umeme, zote zinazimika kwa pamoja. Inapendeza! Utajuaje? Injini ikiwa inanguruma, chomoa waya wa swichi ya oili, uguse bodi. Taa ya oili lazima iwake palepale. Isipowaka, kuna mkono wa mtu umepita, na injini hiyo usiichukue kabla ya kuipima kwa geji.

Mnaoshika Volkswagen, kumbukeni kwamba kuna mifumo yenye swichi mbili: moja ya presha ndogo, baa 0.3, inayoachana presha ikija, na nyingine ya presha kubwa zaidi, ambayo hufanya kinyume, yaani inagusana presha ikifika. Kuchomoa waya kwenye hiyo ya pili na kupandisha resi kutaleta kengele badala ya kuiondoa. Someni mchoro wa gari husika kabla ya kutoa hukumu.

Zile zenye geji ya sindano kwenye dashibodi, kama Land Cruiser za 1HZ, hazina swichi, zina sensa inayobadilisha mkondo wa umeme. Usiguse waya wake moja kwa moja kwenye bodi ukaacha hapo, unaweza kuunguza geji. Pitisha balbu ndogo ya wati 3.4 katikati. Swichi ya gari ikiwa imewashwa na waya umechomolewa, sindano ikae chini. Ukiugusisha bodi kupitia balbu, balbu iwake na sindano ipande. Ikipanda, geji na waya ni wazima, rudi kwa sensa. Isipopanda, mwache sensa alale.

Kabla sijaondoka kwenye oili: ukichomoa konekta ukakuta oili ndani yake, hapo huna haja ya mahakama. Kiwambo kimepasuka, badilisha leo. Swichi iliyopasuka inaweza kumwaga oili barabarani hadi sampu ikauka. Safisha konekta kwa dawa ya kusafishia umeme, usitumie petroli, petroli inaharibu mpira wa kuzuia maji. Na ukiwa na shaka na swichi iliyo mkononi, una kompresa ya kujazia matairi. Weka mita upande wa kupima ukinzani, yaani omu, ncha moja kwenye kichwa, nyingine kwenye mwili. Bila upepo isome karibu sifuri. Pitisha upepo kidogokidogo kupitia regyuleta hadi baa moja. Lazima mkondo ukatike njiani. Usipokatika, tupa.

Sasa mashine. Ndugu zangu, mashine ya kusoma makosa haijawahi kusema sensa ni mbovu. Haijawahi! Kosa namba P0520 linasema kuna tatizo kwenye sakiti ya sensa ya presha ya oili. P0522 inasema volti zinazofika kwenye kompyuta ya gari ni ndogo mno, P0523 ni kubwa mno. Sakiti ni sensa, na waya, na konekta, na eathi, na kompyuta yenyewe. Wewe umesoma neno moja tu kati ya hayo.

Sensa ya nyaya tatu inapewa volti 5 na kompyuta, inapewa eathi, na inarudisha ishara. Nyingi zinarudisha karibu nusu volti presha ikiwa sifuri, na zinapanda kuelekea 4.5 presha ikifika mwisho wa kipimo chake. Chomoa konekta, washa swichi ya gari, pima upande wa nyaya. Volti 5 zipo? Eathi je? Ukiwa umeirudisha konekta na sensa inafanya kazi, pima kati ya waya wa eathi na nguzo hasi ya betri, isizidi volti 0.1. Eathi mbovu inapandisha ishara, na kompyuta inaona presha ambayo haipo.

Na je, zile volti 5 zikiwa hazipo? Hapa ndipo fundi anayefikiri anapojitenga na fundi anayebadilisha. Kwenye magari mengi, laini moja ya volti 5 inalisha sensa kadhaa: ya oili, ya MAP, ya kipepeo cha hewa, hata ya presha ya gesi ya kiyoyozi. Moja ikipiga shoti ndani, zote zinakufa. Gari limevutwa kwa kamba, haliwaki, mashine inaonyesha makosa sita. Je, sensa sita zimekufa usiku mmoja? Chomeka mita kwenye laini ya volti 5, uache hapo, kisha chomoa sensa mojamoja. Ukichomoa ile yenye shoti, mita inaruka kutoka sifuri hadi 5, na umempata. Pengine ni sensa ya kiyoyozi, kitu ambacho hakuna mtu angekifikiria kwa gari lisilowaka. Usisahau kuzichomoa zote kabla ya kusema ni waya.

Haya, mjumbe wa pili. Na huyu nimemletea Mbeya makusudi.

Sensa ya MAP inapima presha ya hewa ndani ya manifodi ili kompyuta ijue inyunyize petroli kiasi gani. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, manifodi haina uvutaji wowote, kwa hiyo sensa inapima hewa ya mahali uliposimama. Vitabu vinasema isome karibu kilopaskali 101. Kweli kabisa. Lakini 101 ya wapi? Ya usawa wa bahari! Ya Dar es Salaam, ya Tanga, ya Mombasa. Morogoro ni kama 95. Hapa tulipo, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, sensa nzima kabisa itasoma 82 au 83. Nairobi nako ni karibu hivyohivyo.

Basi picha ni hii. Kijana kajifunza kazi Dar, kaja kufungua gereji huku. Anashika Corolla ya zamani, 4A-FE, inakula mafuta. Anapima waya wa ishara, ule wenye jina la PIM kwenye kitabu, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Kitabu kinataka volti 3.3 hadi 3.9. Anapata 3.1. "Iko chini, sensa mbovu." Ni mbovu? Toyota wenyewe wanasema ukivuta hewa kwa milimita 100 za zebaki, sensa hii ishuke volti 0.3 hadi 0.5. Kutoka pwani hadi hapa hewa imepungua kama milimita 140 za zebaki. Pigeni hesabu: ni nusu volti na ushee. Sensa iliyosoma 3.6 Dar, hapa itasoma 3.1 au chini kidogo, na ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Kijana ananunua nyingine, nayo inasoma 3.1. Anarudisha dukani, anagombana na mwenye duka, na mlima umekaa pale unamwangalia.

Njia ya haki ni kupima badiliko. Chukua pampu ya mkono ya kuvuta hewa, funga kwenye mrija wa sensa, vuta. Kwa milimita 100 ishuke 0.3 hadi 0.5, kwa 200 ishuke 0.7 hadi 0.9, kwa 300 ishuke 1.1 hadi 1.3, kwa 400 ishuke 1.5 hadi 1.7. Na uvutaji ukae bila kushuka. Ukishuka wenyewe, sensa inavuja ndani. Namba hizo hazijali kama uko Mbeya au Bagamoyo, maana ni za kushuka kutoka pale ulipoanzia.

Sensa ikiwa nzima na gari bado linatoa moshi mweusi, fuata mrija wake wa mpira kutoka kwenye manifodi. Mrija uliopasuka unaiingizia sensa hewa ya nje. Kompyuta inadhani gari linapanda mlima na mzigo, inamwaga petroli. Petroli yote hiyo inaungua kwa ajili ya kipande cha mpira cha urefu wa mkono!

Wenzangu wa dizeli zenye taabo, msitafute kilopaskali 35 za injini ya petroli kwenye sailensi, hamtazipata. Dizeli haifungi hewa kama petroli, kwenye sailensi itasoma karibu na hewa ya nje. Kwenu adui ni masizi kuziba kitundu cha sensa. Puliza dawa ya umeme, acha ikauke. Usichokoe kwa waya, ndani kuna kipande chembamba cha silikoni.

Sasa imethibitika, sensa ni mbovu kweli, unafunga mpya. Nyuzi za bloku zisafishwe na zikaushwe. Dawa ya kuzuia uvujaji ipakwe kwenye nyuzi mbili au tatu, uzi wa kwanza kabisa uachwe mtupu ili isije ikaingia kwenye njia ya oili. Tepu nyeupe achaneni nayo kwenye swichi ya waya mmoja, mmeshasikia kwa nini. Kaza kwa nyutoni-mita 13 hadi 15 kwa swichi nyingi za Toyota. Ni nguvu ya mkono mmoja kwenye kishikio kifupi, zaidi ya hapo unapasua aluminiamu. Subiri saa nzima dawa ishike kabla ya kuwasha. Najua mteja amesimama nyuma yako anaangalia simu. Mpe kiti.

Haya. Premio imenguruma muda wote huu, na feni yake imeshawaka mara mbili, nimeisikia. Ina moto wa kutosha. Mwenyewe anasema taa ya oili inawakawaka akisimama kwenye foleni, na ameshauziwa swichi mbili. Geji ile mezani, adapta ya nyuzi 28 iko kwenye kibati chekundu, soketi ya 24 anayo kijana wa mlangoni. Zimeni injini, vaeni glovu, oili ni ya moto. Nataka watu wawili ambao hawajawahi kushika geji hii, na mmoja wa kuandika namba tatu ubaoni.